Anayesimama Nyuma ya Mstari

Mwaka 1904 Chuo Kikuu cha Michigan, pale mjini Ann Arbor, kilimpokea kijana wa Fort Wayne, Indiana, aliyekuwa amezoea kazi za kiwanda cha chuma. Jina lake lilikuwa Adolph Schulz, ila uwanjani hakuna aliyemwita hivyo. Kwa kila mtu alikuwa Germany Schulz. Uzito wake ulizidi kilo 100, na kwa wachezaji wa zama zile huo ulikuwa mwili wa kutisha. Kocha Fielding Yost hakusita. Akamweka senta, katikati kabisa ya mstari wa mbele, mahali pa watu wazito.

Yost hakuwa kocha wa kuchezewa. Tangu aingie Michigan mwaka 1901 timu yake ilikuwa haijaonja kipigo, na tarehe 1 Januari 1902 iliichapa Stanford 49-0 katika mechi ya kwanza kabisa ya Rose Bowl. Mwaka ule ule wa 1904 iliifunga West Virginia 130-0. (Msomaji alikumbuke jina la chuo hicho, maana tutakutana nacho tena.) Mbele ya kocha wa namna hiyo, mgeni hahami nafasi aliyopangiwa. Schulz alihama. Timu pinzani ikishika mpira, badala ya kuinama mstarini pamoja na wenzake sita, alirudi nyuma hatua kadhaa, akasimama wima, akatazama mpira unaelekea wapi, ndipo akaukimbilia. Inasimuliwa kwamba Yost alimfokea, naye Schulz akashikilia kwamba akiwa pale hapiti mtu. Yost akamwacha ajaribu, na alichokiona kikamfunga mdomo.

Hivyo ndivyo watu wa Michigan wanavyolisimulia chimbuko la lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele. Vyuo vingine vina wagombea wao wa heshima hiyo, nami sioni haja ya kuamua kesi yao. Jambo la maana ni kwamba ubishi wa kwanza juu ya nafasi hii ulikuwa kati ya kocha na mchezaji wake, na swali lake halijabadilika hadi leo: huyu mtu asimame wapi, na aangalie nini?

Ili kuona kwa nini swali hilo lina uzito, turudi kidogo kwenye sheria. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kwa 11. Wenye mpira hupewa majaribio ya kusonga mbele umbali fulani. Wakishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Siku za mwanzo za Schulz majaribio yalikuwa 3 na umbali yadi 5 tu, na kurusha pasi ya mbele kulikuwa marufuku. Basi mchezo ukawa wa kusukumana: kundi la watu linamzunguka mbeba mpira na kumpenyeza kwa nguvu. Ukijua mpira hauwezi kuruka juu ya kichwa chako, utawapanga watu wako wote wapi zaidi ya mstarini? Watu waliumia, na wengine walikufa. Mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton kuzungumzia hatari hiyo, na msimu wa 1906 ulianza na sheria mpya: pasi ya mbele ikaruhusiwa, umbali ukawa yadi 10. Kuanzia hapo timu iliyojaza watu wote mbele ilikuwa inajichongea. Kilichoonekana kuwa ukaidi wa Schulz kikawa hitaji la kila timu. Yeye mwenyewe alicheza hadi 1908, na mwaka 1951 akaingizwa katika kundi la kwanza kabisa la Jumba la Heshima la futiboli ya vyuo.

Mashabiki wa mchezo huu huzungumza kwa tarakimu. Ukisikia 4-3, tarakimu ya kwanza ni idadi ya walioinama mstarini, ya pili ni idadi ya malainibeka, na wanaobaki kufikia 11 ni walinzi wa nyuma. Ukisikia 3-3-5, ya tatu imetajwa wazi. Katika soka mtu wa karibu zaidi na lainibeka ni kiungo mkabaji, namba 6: anazima mashambulizi ya katikati, anafunika mapengo ya wenzake, na timu ikifungwa yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa kijiweni.

Michigan ilitoa mchango wa pili katika hadithi hii miaka 40 baadaye. Hadi vita vya pili vya dunia mchezaji alicheza pande zote mbili. Aliyekuwa senta wakati wa kushambulia ndiye aliyegeuka lainibeka wakati wa kulinda. Sheria za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimelegezwa mwaka 1941. Oktoba 1945 kocha Fritz Crisler alikwenda Yankee Stadium kukutana na Army, timu iliyokuwa haishikiki, akiwa na vijana wengi wa mwaka wa kwanza kwa sababu wakubwa walikuwa jeshini. Akatumia mwanya wa sheria: kundi moja la kushambulia, kundi jingine la kulinda. Alifungwa 28-7, lakini waliotazama walielewa kwamba kuna kitu kimebadilika. Sheria hiyo ilikuja kufutwa mwaka 1953, ikarudi katikati ya miaka ya 1960, na iliporudi ilirudi moja kwa moja. Sasa kijana aliweza kuingia chuoni, kula, kunyanyua vyuma na kulala akiwa lainibeka tu. Na shabiki naye akapata mtu mmoja wa kumwangalia na kumhukumu.

Miongo iliyofuata nitaipita haraka. Oklahoma ya Bud Wilkinson ilieneza ulinzi wa 5-2 na kushinda mechi 47 mfululizo kati ya 1953 na 1957. Bo Schembechler aliyeanza kazi Michigan mwaka 1969 naye alijenga ulinzi wake juu ya watu 5 mbele, akiwa na mchezaji mmoja wa kuhamahama, nusu lainibeka nusu mlinzi wa nyuma, aliyeitwa Wolfman. Kumbe hata wakati ule tarakimu zilikuwa zinadanganya, kwa sababu Wolfman hakuwa na safu ya kudumu. Mwaka 1991 Erick Anderson wa Michigan alitwaa Tuzo ya Butkus, inayopewa lainibeka bora wa vyuo nchini.

Mageuzi makubwa ya zama hizo yalitokea mbali na Ann Arbor. Jimmy Johnson, kocha wa Miami kuanzia 1984, aliamua kuwashusha wachezaji ngazi moja: mlinzi wa nyuma mwenye kifua akamfanya lainibeka, lainibeka mwenye nguvu akamfanya mtu wa pembeni ya mstari. Timu nzima ikawa nyepesi kidogo na yenye kasi kubwa. Oklahoma ya wakati huo, iliyotegemea kukimbia na mpira, ilipoteza mechi 3 tu katika misimu mitatu, 1985, 1986 na 1987. Zote 3 ilifungwa na Miami. Sijui ushahidi mwingine unaosema wazi hivyo kwamba miguu ya lainibeka ilikuwa imeanza kuwa na thamani kuliko mabega yake.

Michigan haikuwa na haraka ya kujifunza somo hilo. Tarehe 1 Septemba 2007 ilipewa somo lenyewe nyumbani, katika uwanja unaochukua watu zaidi ya 107,000. Appalachian State, chuo kilichokuwa cha daraja la chini wakati huo, kutoka milima ya North Carolina, kilikuja na mfumo wa kutawanya: wapokeaji wamesambazwa upana wote wa uwanja, na kotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), Armanti Edwards, anaweza kurusha au kukimbia. Ukimtawanya adui, malainibeka wake nao wanatawanyika. Yule aliyezoea kusimama katikati na kungoja mgongano anajikuta ana uwanja mzima wa kuulinda peke yake. Michigan ilikuwa imepangwa ya 5 nchini. Ikafungwa 34-32. Wiki iliyofuata Oregon, yenye mfumo wa ukoo huohuo, ikaja na kuipiga 39-7.

Lloyd Carr, kocha wa Michigan, alistaafu mwisho wa msimu, na chuo kikamwajiri mmoja wa mafundi wakubwa wa kutawanya, Rich Rodriguez, kutoka West Virginia. Ndiyo, ile ya 130-0. Huko ulinzi ulikuwa wa 3-3-5 chini ya Jeff Casteel: watu 3 wepesi mstarini, malainibeka 3 waliojificha nyuma yao, na walinzi 5. Faida yake ni kwamba adui hajui nani atavamia. Hasara yake ni kwamba adui mzito akiamua kukupitia katikati, unahitaji vijana wanaojua kazi yao kama wanavyolijua jina la mama yao. Casteel alibaki West Virginia. Mfumo ulikuja Michigan, mwalimu wake hakuja.

Hapo ndipo ubishi wa Ann Arbor ulipochemka kuliko wakati wowote. Siku ya mechi mashabiki huegesha magari katika uwanja wa gofu wa chuo, ng'ambo ya barabara, wakichoma nyama na kunywa bia tangu asubuhi, na wakati huo mazungumzo yote yalikuwa tarakimu. Upande mmoja walisimama wakongwe waliolelewa enzi za Schembechler: hii ni ligi ya Big Ten, wapinzani wetu ni Wisconsin na Ohio State, watu wa kusukuma, ukiwawekea watatu mbele unawafungulia lango. Upande wa pili walikuwa vijana waliosema dunia imehama, kila mtu anatawanya, na aliyeng'ang'ania malainibeka wazito ataaibika tena kama 2007. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na pande zote mbili zilikuwa na mechi za kutolea mfano.

Matokeo yaliwapa wakongwe kuni. Mwaka 2008 Michigan ilishinda 3 na kupoteza 9. Katikati ya msimu huo, dhidi ya Purdue, kocha wa ulinzi Scott Shafer, ambaye 3-3-5 haikuwa fani yake, alibadili na kuuingiza mfumo huo. Purdue wakashinda 48-42, na Shafer hakurudi msimu uliofuata. Akaja Greg Robinson, mtu wa 4-3 aliyekuwa amevaa pete mbili za Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, akiwa na Denver, na mwaka 2010 naye akawa anafundisha 3-3-5. Craig Roh, kijana aliyeumbwa kwa ajili ya ukingo wa mstari, akarudishwa nyuma kuwa lainibeka. Mashabiki walipiga kelele wiki hadi wiki: mwacheni mtoto ashike mstari! Novemba 2010 Michigan iliifunga Illinois 67-65 baada ya vipindi 3 vya nyongeza, pointi 132 kwa mechi moja, na watu walitoka uwanjani hawajui washangilie au wajifiche. Tarehe 1 Januari 2011 Mississippi State wakawapiga 52-14, na siku chache baadaye Rodriguez akafukuzwa.

Aliyefuata, Brady Hoke, alimleta Greg Mattison kutoka timu ya kulipwa ya Baltimore Ravens, na Mattison akarudisha watu 4 mstarini. Roh akarudi mbele. Wastani wa pointi walizofungwa ulishuka kutoka 35 mwaka 2010 hadi 17 mwaka 2011, timu ikashinda mechi 11, Sugar Bowl ikiwemo. Wakongwe walitamba sana mwaka ule. Na hapa ndipo mimi ninapotofautiana nao. Wachezaji wengi walikuwa walewale. Ila wachezaji walewale sasa walikuwa wamekomaa kwa mwaka mzima, kila mmoja yupo mahali panapomfaa, na wanafundishwa na mtu anayefundisha kitu anachokijua. West Virginia ya Casteel ilishinda miaka kadhaa kwa 3-3-5. Tarakimu hazikuwa na kosa.

Ushahidi zaidi ulikuja bila kungoja sana. Jake Ryan, lainibeka mwenye nywele ndefu, aling'ara mwaka 2011 akisimama ukingoni, karibu kabisa na mstari, ambako kazi yake ilikuwa kuvuruga. Mwaka 2014 Mattison alibadili mkao wa 4-3 ileile, akawasogeza watu wa mstari upande wa pili, na Ryan akahamishiwa katikati. Mashabiki wakagawanyika tena. Wengine waliona ni kumfunga simba kamba; wengine wakaona kwamba dhidi ya timu zinazotawanya, mchezaji wako bora asikae pembeni ambako adui anaweza kumkwepa kwa kupeleka mpira upande mwingine. Ryan alicheza vizuri katikati. Timu ilimaliza na ushindi 5 na vipigo 7, kwa sababu haikuweza kufunga, na Hoke akaondoka. Waliobishana juu ya lainibeka walikuwa wakibishana juu ya chumba kimoja huku paa la nyumba linavuja.

Naomba tusogee karibu tuone lainibeka wa zama hizi anaona nini. Kotabeki anapokea mpira, anaunyoosha kuelekea tumboni mwa mkimbiaji, macho yake yamemkazia mtu mmoja tu: lainibeka. Lainibeka akipiga hatua mbele kumzuia mkimbiaji, mpira unachomolewa na kurushwa nyuma yake, pale alipotoka. Akibaki, mkimbiaji anapewa mpira na pengo lipo wazi. Sheria ya vyuo inawaruhusu watu wazito wa mstari wa ushambuliaji kusonga hadi yadi 3 mbele wakati pasi inarushwa, ilhali katika ligi ya kulipwa ni yadi 1. Kwa hiyo dalili aliyofundishwa miaka yote, kwamba watu wazito wakisonga basi ni mbio, inamdanganya. Anatakiwa kuamua chini ya sekunde moja, na amepangiwa akosee kila aamuavyo. Shabiki wa jukwaani anasema lainibeka amezubaa. Mara nyingi hajazubaa. Amewekwa mtegoni na kocha wa upande wa pili, na dawa ya mtego huo haimo katika miguu yake bali katika mpango wa watu 11.

Jim Harbaugh, kocha kuanzia 2015, alimwajiri Don Brown mwaka 2016, na Brown akaleta nafasi aliyoiita Viper: lainibeka mwenye mwili wa mlinzi wa nyuma. Jabrill Peppers aliicheza kwa kipaji hadi akaalikwa New York miongoni mwa wagombea 5 wa mwisho wa Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Tazama vizuri utamwona Wolfman wa Schembechler amerudi na jina jipya. Brown alipenda kuvamia na kuwaacha walinzi wakabe mtu kwa mtu, na kwa miaka kadhaa ulinzi wake ulisifiwa nchi nzima. Kisha Novemba 2018 Ohio State wakapanga wapokeaji wakimbie wakipishana katikati ya uwanja, kila mkabaji akawa anamfukuza mtu wake huku akigongana na wenzake. Ilikuwa 62-39. Hakuna aliyewahi kuifunga Michigan pointi nyingi hivyo ndani ya dakika 60 za kawaida. Mwaka uliofuata ikawa 56-27. Baada ya msimu wa 2020 Brown akaondoshwa.

Katika kikosi cha Brown alikuwamo Michael Barrett, kijana wa Georgia aliyekuwa kotabeki shuleni. Michigan ilimgeuza Viper. Mwaka 2021 alipokuja Mike Macdonald, naye kutoka Baltimore Ravens, nafasi ya Viper ilifutwa, na Barrett ikabidi ajifunze upya, safari hii kuwa lainibeka wa ndani. Macdonald hakuwa mtu wa tarakimu moja. Ukingoni aliwaweka Aidan Hutchinson na David Ojabo, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Scotland, mara wameinama, mara wamesimama; kotabeki hakujua nani atavamia na nani atarudi nyuma kukaba. Novemba 2021 Michigan iliifunga Ohio State 42-27, mara ya kwanza tangu 2011. Jesse Minter alimrithi Macdonald na kuuendeleza mfumo.

Msimu wa 2023 katikati walisimama Barrett na Junior Colson, aliyezaliwa Haiti. Wapinzani hawaachi kuutaja msimu huo pamoja na kashfa ya kunasa ishara za timu nyingine, iliyomfanya Harbaugh afungiwe mechi 3 za mwisho za msimu wa kawaida, na wana haki ya kuitaja. Hata hivyo ulinzi ule ulifungwa wastani wa pointi 10.4 kwa mechi, mdogo kuliko wa timu yoyote nchini. Tarehe 1 Januari 2024 Alabama walikuwa yadi 3 kutoka mstari wa goli katika muda wa nyongeza, jaribio la nne na la mwisho. Kotabeki Jalen Milroe akajaribu kupita katikati. Akamezwa palepale, na mechi ikaisha 27-20. Siku 7 baadaye, mjini Houston, Washington walifungwa 34-13 na Michigan ikawa bingwa wa taifa.

Ukiniuliza, basi, ni tarakimu ipi iliyoleta kombe, nitakujibu kwamba sikuiona. Mashabiki wa Ann Arbor walikuwa sahihi kila walipolalamika kwamba fulani amewekwa mahali pasipomfaa, na mara nyingi walikosea walipodhani tiba ni kuongeza au kupunguza mtu mmoja mstarini. Waliokuwa wakimkejeli Barrett kwamba hana mwili wa lainibeka hawakuwa wanaona alichonacho: miaka ya kukaa upande wa kotabeki, akijua mwenye mpira anamtafuta nani kwa macho.

Harbaugh na Minter wakahamia timu ya kulipwa ya Los Angeles Chargers, na Aprili 2024 timu hiyo ikamchukua Colson katika raundi ya 3. Akaja kocha mpya wa ulinzi, Don Martindale, naye aliyewahi kuuongoza ulinzi wa Ravens, na ubishi ukaanza upya kabla Oktoba haijaisha. Tarehe 30 Novemba 2024 Michigan, ikiwa imekwisha kupoteza mechi 5, ilikwenda Columbus na kuifunga Ohio State 13-10. Ohio State hiyohiyo ndiyo iliyotwaa ubingwa wa taifa Januari 2025.